Mtoto Ameshiba, Bado Ana Njaa

Mazungumzo ya wahudumu wa afya wa kijiji mbele ya wanakisomo na wazazi, siku ya kupima watoto

 

Sisi tunaosimama hapa mnatufahamu. Ni sisi wahudumu wenu wa afya, wale wawili mnaotuona kila mwezi na mzani begani. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya chakula na afya. Mambo ya afya ni mengi. Kuna choo, kuna maji ya kuchemsha, kuna chandarua. Hayo tumekwisha kuyasema, na tutayasema tena mpaka mtuchoke. Leo tuna jambo moja tu. Tunataka kuzungumza juu ya kikombe cha uji wa mtoto mdogo.

Tunaona wengine mnatabasamu. Uji! Nani asiyejua kupika uji? Haya, tusikilizane kwanza.

Sisi watu wa Iringa hatuna njaa ya mahindi. Kila mwaka baada ya mavuno malori huja kwetu matupu na kuondoka yamejaa. Tunalisha wenzetu wa mijini. Tuna maharage, tuna viazi, tuna alizeti, tuna parachichi mpaka nyingine zinaoza chini ya mti. Lakini mwaka 2022 ulifanyika uchunguzi wa afya nchi nzima. Ikaonekana kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Na katika mkoa wetu wa Iringa je? Zaidi ya 50. Hakuna mkoa uliotuzidi. Sisi wenye maghala ndio wa kwanza kwa watoto waliodumaa.

Kudumaa ni nini? Ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka. Wengine husema, "Sisi ukoo wetu ni wa watu wafupi." Huenda. Lakini mtoto aliyedumaa kwa kukosa chakula bora hakupungukiwa na urefu wa miguu peke yake. Hata ubongo wake haukukua kama ulivyotakiwa. Atakwenda shule, atakaa darasani, na somo halitamwingia upesi. Na kilichopotea katika miaka miwili ya mwanzo ni vigumu sana kukirudisha.

Sasa tuwaeleze habari za mtoto mmoja. Hatutataja jina, na ninyi mnaomjua msimtazame mama yake. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuseme.

Mtoto huyo wa kike alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Alipokuwa ananyonya tu alikuwa mnene, kila mtu akimbeba. Alipoanza kula, alama ya uzito kwenye kadi yake ikaacha kupanda. Mwezi huu pale pale, mwezi ujao pale pale. Siku moja tulipompima, tukamgombeza mama yake mbele ya watu. Tulisema kwa sauti, "Mama, kwani huyu mtoto humlishi?" Watu wakageuka kutazama. Mwezi uliofuata mama hakuja. Wa pili hakuja.

Kosa lilikuwa letu, na tunalisema hapa mbele yenu. Mama yule alikuwa anamlisha mtoto wake. Alimpa uji asubuhi, akampa mchana, akampa jioni, kikombe kimejaa, na mtoto akaumaliza. Sisi tulimwuliza swali la kumwaibisha, naye hakuwa na la kujibu. Akaondoka na aibu yake.

Na aibu ikazaa maneno. Mnayajua maneno yenyewe. Walisema mtoto amebemendwa. Yaani baba na mama wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na joto lake limemharibu mtoto. Baba aliposikia hayo akahamia kwa kaka yake. Mama akawa anamfunika mtoto kwa kitenge kila anapotoka, hata jua likiwa kali. Mganga akapewa kuku wawili na debe la mahindi. Mtoto akazidi kukonda.

Tulikwenda nyumbani kwake mara tatu. Mara ya kwanza alijifungia ndani. Mara ya pili alitupa viti, lakini mtoto hakutuonyesha. Mara ya tatu tulimwomba radhi, tukakaa naye kupukuchua mahindi mpaka jua likaanza kushuka, ndipo akamtoa. Tukampima. Alikuwa na kilo 7.2. Utepe wa kupima mkono ulisoma sentimita 12, rangi ya njano. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Yaani alikuwa karibu kabisa na nyekundu.

Jamani, hapa ni watu wazima, tuseme wazi. Tendo la ndoa haliingii katika maziwa ya mama. Halimkondeshi mtoto. Baba na mama wakilala kitanda kimoja, mtoto hadhuriki. Mnaoambiwa kwamba mmembemenda mtoto wenu, msijifiche. Mleteni apimwe.

Lakini hatusemi kwamba wazee wetu walikuwa wajinga. Waliona kitu. Waliona mama akipata mimba mapema, mtoto mkubwa anaachishwa ziwa kwa ghafula, analishwa uji wa maji, na baada ya miezi michache anavimba miguu na nywele zinapauka. Walichokiona ni kweli. Sababu waliyoitaja ndiyo siyo. Hata kule Ghana waliona hivyo hivyo. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alikuta watoto wa namna hiyo huko. Wenyeji wana jina la ugonjwa huo katika lugha yao, kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Jina hilo likazunguka dunia nzima, likafika mpaka kwetu, nasi tunasema kwashakoo. Tazameni basi. Watu wa mbali, lugha nyingine, na wao walijua kwamba taabu huanza pale mtoto anaponyang'anywa ziwa na kupewa kisicholingana nalo. Kwa hiyo mama akipata mimba, asimwachishe mtoto siku hiyo hiyo. Maziwa yake hayajaharibika. Aendelee kunyonyesha, ila mganga wa zahanati akimwambia vingine. Na uzazi wa kupanga unapatikana pale pale zahanati, akina baba mnasikia.

Sasa turudi kwenye uji.

Tumekuja na sufuria mbili. Sogeeni mwone. Hii ya kwanza ni uji wetu wa kila siku, ule unaonyweka vizuri. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, linajazwa na kikombe kimoja hivi. Akinywa kikombe hiki tumbo linajaa, analala, mama anapata nafasi ya kufanya kazi. Kila mtu anasema mtoto ameshiba. Ameshiba nini? Sehemu kubwa sana ya kikombe hiki ni maji. Ni sawa na kujaza gunia makapi ukalipeleka sokoni. Gunia limejaa kweli, lakini mnunuzi atakulipa nini?

Mtasema, basi tuongeze unga. Vema. Sufuria ya pili ina maji yale yale, lakini unga ni mara mbili. Tazameni, mwiko umesimama wenyewe. Huu si uji tena, ni mdogo wake ugali. Mtoto mwenye meno manne atautema. Mama atauongezea maji, na hapo tumerudi kule kule tulikotoka.

Na sasa tazameni hili bakuli dogo. Akina mama wapika komoni, msijifiche, mnakijua hiki kuliko sisi. Ni kimea cha ulezi. (Watu wakacheka.)

Ndiyo, ni kile kile cha pombe. Kwa nini mpika pombe hutia kimea? Ni kwa sababu ulezi ukichipua, ndani ya punje kunatokea kitu cha kuvunjavunja wanga, ili mche mchanga upate chakula. Kitu hicho kikikutana na uji mzito kinafanya kazi ile ile. Kinavunja wanga, uji unalegea na kuwa mtamu kidogo. Pombe haijawa bado. Pombe huja baadaye, uji ukiachwa siku kadhaa uchachuke. Sisi hatuuachi. Kwa hiyo mama asiogope, mtoto halewi.

Tumeacha uji mzito upoe kidogo, kiasi cha kuonja bila kuungua. Ukiwa unachemka, ile nguvu ya kimea inakufa. Tunatia kijiko kimoja cha unga wa kimea. Tunakoroga. Ngojeni kidogo tu. Mwiko unaanguka, mmeona? Hatukuongeza hata tone la maji. Unga ni ule ule mara mbili, lakini sasa unanyweka. Kisha tunaurudisha jikoni uchemke tena kidogo, maana kimea kimelala kwenye majani na mkeka na kina vijidudu. Hapo msifanye uvivu. Kuna mama mmoja hakuurudisha jikoni, mtoto akaharisha, na yeye akasema kimea ni kibaya.

Jambo hili si jipya. Wazee wetu wengine hapa walikaa kwenye vikundi mwaka 1973 wakisikiliza redio, kampeni ya Mtu ni Afya, na tena mwaka 1975, Chakula ni Uhai. Na katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walikuwa wanafundisha kimea hiki vijijini. Tumekiacha njiani. Kwenye pombe tu ndiko hatukukisahau!

Kukitengeneza nyumbani ni hivi. Chambua ulezi, uoshe mchanga utoke, uloweke usiku mmoja. Mwaga maji, utandaze katika chombo safi, ufunike kwa kitambaa kibichi au majani ya mgomba, uwe unaunyunyizia maji. Siku ya pili au ya tatu utaona vimizizi vyeupe. Anika juani mpaka ukauke kabisa. Sugua kwa viganja vimizizi vitoke, pepeta, saga, weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Ukiona ukungu, tupa. Wenye kutumia mtama wawe waangalifu zaidi, kwa sababu michipukizi ya mtama ina sumu na lazima iondolewe yote. Ndiyo maana sisi tunashauri ulezi.

Uji ukiwa tayari, usiuache peke yake. Mahindi hayatoshi kujenga mwili wa mtoto. Tia kijiko cha karanga zilizokaangwa na kupondwa laini, au maharage yaliyoiva na kupondwa bila maganda, au yai, au maziwa. Tia kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti, maana mafuta kidogo yana nguvu nyingi na hayajazi tumbo. Parachichi lile linalooza chini ya mti, liponde kwa uma, mpe. Mboga za majani mpe kila siku, mnafu, mchicha, majani ya maboga, zikatwe ndogondogo. Baada ya mboga mpe kipande cha chungwa au papai, yatausaidia mwili kuchukua madini ya damu yaliyomo katika mboga. Chai ya rangi msimpe. Inazuia madini hayo hayo.

Hapa tuseme kidogo juu ya ule unga wa lishe unaouzwa sokoni na ule tunaousaga wenyewe. Siku hizi ni mashindano. Huyu anachanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, anapeleka vyote mashineni, anasema unga wake una vitu kumi. Vitu kumi si sifa. Mahindi, mchele, ngano na mtama vyote ni nafaka, kazi yao karibu ni moja. Chukua nafaka moja na jamii moja ya kunde, inatosha. Soya ikisagwa mbichi humsumbua mtoto tumboni, lazima ipikwe au ikaangwe vizuri kwanza. Na karanga msisage na kuweka miezi, zinaharibika upesi. Ponda za leo, pika leo.

Na mahindi au karanga zenye ukungu, tafadhali, tafadhali. Tuna tabia ya kuchagua mazuri ya kuuza, na yale yaliyooza kidogo tunabaki nayo nyumbani. Ndiyo yanayosagwa uji wa mtoto. Ukungu ule una sumu inayoitwa sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, wengine wakafa. Asili haijui huruma. Ukungu nao ni kitu cha asili. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa fulani ya majani haiwezi kumdhuru mtoto kwa kuwa ni ya asili, mwulize kama na ukungu aule. Hatuwatukani waganga. Tunasema tu mtoto anayekonda apite kwenye mzani kwanza.

Sasa akina baba. Mlidhani mmesalimika?

Mtoto mdogo hawezi kungoja ugali wa saa saba na wa saa mbili usiku kama sisi. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Akifika miezi sita aanze chakula laini mara mbili au tatu kwa siku. Akifika miezi tisa, mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati, na ziwa liendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Je, mama aliyeondoka alfajiri kwenda shamba la mbali, na jembe, na kuni za kurudi nazo, atapika mara nne saa ngapi? Mtoto anaachiwa dada yake wa miaka minane na chupa ya uji uliopoa. Tunayajua haya, ndiyo maisha yetu.

Katika miaka ya 1980, wakati ule wa mpango wa lishe hapa Iringa, uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, watoto wa vijiji 168 walianza kupimwa vijijini mwao. Wanakijiji wakakaa wakaulizana kwa nini huyu anakua na huyu hakui. Jambo moja lililoonekana ni wingi wa kazi za mama. Vijiji vingine vikaanzisha mahali pa kulea na kulisha watoto mchana wakati mama zao wako shamba. Lilifanyika hapa hapa kwetu, na kwa mahindi haya haya.

Baba wa yule mtoto wetu alirudi nyumbani. Hatukumwita sisi, alimwona mkewe akifundishwa, akasogea kusikiliza nyuma ya ukuta. Siku ya pili alileta kilo ya karanga. Halafu akawa anachota maji asubuhi kwa baiskeli, madumu mawili, ili mkewe apike uji kabla ya kwenda shamba na kubeba mwingine kwenye chupa ya moto. Wenzake walimcheka kilabuni. Aliendelea. Mtoto alipelekwa zahanati kwanza, akapimwa malaria, akapewa dawa ya minyoo. Baada ya miezi mitatu ya uji wa kimea na karanga alikuwa na kilo 8.6. Hajawa mnene. Ila anakimbiza kuku, na anapiga kelele mkimnyima kijiko.

Kuna mtoto ambaye uji wa nyumbani haumtoshi. Bonyeza mguu wake juu ya unyayo kwa kidole gumba, kwa muda kidogo. Ukitoa kidole na shimo likabaki, huo ni uvimbe wa kwashakoo. Msianze kupika, msianze kuuliza nani alilala na nani. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo utepe ukisoma nyekundu, au mtoto akikataa kabisa kula, au akilegea, au akiharisha damu. Kama hamna nauli, piteni kwetu, hata usiku.

Mzee mmoja ametuuliza kabla hatujaanza, je, mtoto wake ana miaka minne na bado ni mfupi, sasa ndiyo basi? Mzee wetu, urefu hatuwezi kukuahidi. Lakini ana miaka mingi ya kula mbele yake, na damu na nguvu vinajengwa kila siku. Mpe chakula kile kile bora. Na kuna mjukuu wako ambaye bado yuko tumboni. Huyo hajachelewa hata siku moja, na chakula chake kinaanza katika sahani ya mama yake. Mama mjamzito asiwe wa mwisho kupakuliwa.

Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tutapika hapa darasani la kisomo. Kila nyumba yenye mtoto chini ya miaka miwili ije na kikombe kimoja cha ulezi na kiganja cha karanga. Tutaloweka pamoja, na Jumanne tutaangalia umechipuaje. Akina baba watatu wamekwisha kuahidi kuni, majina yao yako ubaoni, wanaojua kusoma wawasomee wenzao. Sasa tuanze kupima. Mama mwenye mapacha aje kwanza, amesimama muda mrefu.